Mlango wa Tabibu: Tarikhi ya Njia ya Mgonjwa Katika Mji wa Eldoret

Kabla ya kuwako mji, kabla ya kuwako posta wala kituo cha reli, katika nyanda za juu za Uasin Gishu tabibu ndiye aliyekuwa msafiri na mgonjwa ndiye aliyekuwa mwenyeji. Mwanamke mjuzi wa mitishamba, ambaye Wakalenjin humwita chepkerichot, aliitwa akaja na mizizi na magome yake. Na fundi wa kuunga mifupa, ambaye ilimu yake haikuandikwa katika kitabu chochote bali ilipita kutoka mikono ya mzee hadi mikono ya kijana, aliinama juu ya aliyevunjika mguu pale pale alipolala, kando ya moto wa nyumba yake, kati ya watu waliomjua tangu utotoni. Sisemi kwamba tiba ile ilitosha kwa kila maradhi, kwa maana ni wengi waliokufa kwa homa na kwa uzazi ambao leo wangalipona. Wala sisemi kwamba kila mtoto aliyezaliwa na kilema alipokewa kwa furaha, kwa kuwa jambo hilo halikuwa hivyo katika nchi yoyote ninayoijua. Nasema jambo moja tu, ambalo mwenye kuandika tarikhi ya utabibu wa Eldoret hana budi kulitanguliza: kwamba umbali baina ya mgonjwa na mganga ulikuwa taabu ya mganga, na mwenye miguu mizima ndiye aliyetembea. Zahanati na hospitali zilipokuja, pamoja na neema zao ambazo hakuna mwenye insafu awezaye kuzikana, taabu ile ilihamishiwa mabegani mwa mgonjwa. Na yote nitakayoyaeleza hapa, ya ngazi na vitanda, ya ukalimani na sheria, ni habari ya taabu hiyo na ya watu waliojaribu kuipunguza.

Mji wenyewe ulianza kwa namba. Baada ya upinzani wa Wanandi kuvunjwa kwa silaha, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa mwezi wa Oktoba 1905, serikali ya kikoloni iliikata ardhi ya Uasin Gishu kuwa mashamba yenye nambari. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, kwa magari ya kukokotwa na maksai kutoka Nakuru. Na mwaka 1910 posta ikafunguliwa katika Shamba Namba 64, mahali ambapo wenyeji, wakiitamka ile namba ya Kiingereza kwa ulimi wao, walipaita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na reli ilifika mwaka 1924. Baina ya tarehe hizo mbili, mwaka 1917, ilianzishwa hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika, nayo ndiyo asili ya ile tunayoiita leo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Ni vema msomaji autazame mwaka huo kwa makini, maana ndio mwaka ambao vijana wa nchi hii walikusanywa kwa nguvu, maelfu kwa maelfu, wachukue mizigo ya jeshi la Mwingereza katika vita vyake na Mjerumani, wakafa kwa kuhara na kwa homa zaidi kuliko kwa risasi. Na miongoni mwa waliojaliwa kurudi makwao wamo waliorudi wakichechemea, vidole vya miguu vimeliwa na funza. Hospitali ya watu weusi na umati wa watu waliolemazwa na vita viliingia nchini kwa wakati mmoja.

Vitanda 60 vilikuwa haba mno kwa nyanda zile pana, lakini uhaba wa vitanda haukuwa kikwazo cha kwanza. Kikwazo cha kwanza kilikuwa njia. Mtu aliyeugua katika bonde la Kerio alipaswa kuupanda ukuta wa Elgeyo, ambao kutoka sakafu ya bonde hadi ukingo wake unazidi mita 1,000 kwenda juu, kisha akabiliane na nyanda za baridi ambazo kwa wakati huo hazikuwa na gari la abiria. Na asiyeweza kutembea alibebwa mgongoni, au akalazwa katika machela ya miti miwili na blanketi, vijana wanne wakipokezana. Kwa hiyo mgonjwa hakusafiri peke yake asilani: aliyemchukua mgonjwa mmoja hospitali alizitoa katika kazi za shamba nguvu za watu watano, na familia isiyokuwa na vijana wa kutosha ilikaa na mgonjwa wake nyumbani.

Kikwazo cha pili kilikuwa lugha. Mgonjwa alisema Kinandi au Kikeiyo, Kimarakwet au Kiturkana, na wale vibarua wa mashamba ya Wazungu walisema Kiluhya, Kijaluo na Kikikuyu. Daktari alisema Kiingereza. Na katikati yao alisimama dresa, yaani yule kijana wa Kiafrika aliyefundishwa kufunga vidonda, ambaye katika daftari za serikali alikuwa mtumishi wa daraja la chini lakini kwa hakika ndiye aliyekuwa ulimi wa hospitali nzima. Aliyageuza maneno ya mgonjwa kuwa Kiswahili, na maswali ya daktari akayarejesha kwa Kinandi, akapunguza ukali wake, akaongeza heshima pale mzee alipoulizwa habari za mwili wake mbele ya vijana. Katika tarikhi za utabibu wa Afrika Mashariki majina ya madaktari yamehifadhiwa, na ya madresa yamepotea karibu yote. Naona hasara hiyo kuwa kubwa, kwa sababu hao ndio watu wa kwanza katika mji huu waliofanya kazi ya kumfikisha mgonjwa kwa tabibu baada ya mgonjwa kwisha kuingia mlangoni, jambo ambalo wengi hudhani halihitaji kazi.

Wakati huo tiba, kama shule na kama makazi, iligawanywa kwa rangi ya ngozi, Mzungu mahali pake, Mhindi mahali pake na Mwafrika mahali pake. Huo ulikuwa mlango uliofungwa kwa amri, nao ulifunguliwa kwa amri wakati wa uhuru. Hata hivyo iko kweli moja ambayo yafaa kusemwa, ingawa huenda ikamshangaza msomaji: majengo ya hospitali za zama zile, pamoja na dhuluma iliyoyasimamisha, aghalabu yalikuwa ya chini, yenye varanda ndefu na milango mipana ya kupitishia vitanda, hata mtu wa magongo aliingia wodini kwa wepesi kuliko anavyoingia mjukuu wake leo katika kliniki ya ghorofa ya pili. Haikuwa hisani kwa vilema. Wajenzi waliogopa maambukizo, wakataka hewa ipite, na ardhi waliipata bila ya kuilipia. Lakini manufaa yalikuwapo, na tuliyapoteza bila ya kujua kwamba tulikuwa nayo.

Katika miaka ya 1950 polio iliwapiga watoto wa Kenya kwa mawimbi, nayo haikuuliza rangi ya mtoto. Kizazi kile ndicho kilichowalazimisha watu wazima kufikiri. Mwaka 1958 kiliundwa chama cha kuwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo nchini, ambacho kipo hadi leo na Wakenya hukijua kwa herufi zake, APDK. Wakapatikana mafundi wa kutengeneza vyuma vya miguu, magongo na viatu vya unene tofauti, na baadaye viti vya magurudumu vyenye kuhimili mawe ya barabara zetu. Mwaka 1980 mpango wa taifa wa chanjo ulianza, na mwaka huo huo serikali iliutangaza kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu, ukaanzishwa mfuko wa taifa wa kuwasaidia, ambao michango yake ilikusanywa kwa shangwe kubwa. Sipuuzi hata shilingi moja iliyotolewa. Lakini ukiisoma tarikhi ya miaka ile utaona kwamba sadaka yote ilielekezwa katika mwili wa mtu: alipewa chuma cha kumsimamisha, alipewa kiti cha kumbeba, alipigwa picha akikabidhiwa, kisha akasukuma kiti chake kipya hadi mguu wa ngazi ya kliniki, akasimama hapo. Ilichukua zaidi ya miaka 20 tena kabla ya sheria ya Kenya kuitazama ile ngazi.

Na sasa nije katika ngazi zenyewe. Mwaka 1965 serikali ya uhuru iliiondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa katika hospitali za umma, na kwa muda wa takriban robo karne mgonjwa wa Eldoret, hata akiwa fukara, aliijua njia ya Nandi Road iendayo hospitali ya wilaya. Kisha mambo matatu yakakutana. Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao binafsi, na madaktari walikuwamo. Sheria ya mwaka 1988 iliwapa matabibu wasaidizi, wale tunaowaita maafisa wa kliniki, idhini ya kufungua vyumba vyao wenyewe vya tiba. Na mwezi wa Desemba 1989 ada ilirudishwa hospitalini kwa jina la kuchangia gharama, ikasitishwa kwa muda mwaka uliofuata, kisha ikarejeshwa kidogo kidogo. Mgonjwa akiwa sharti alipe huko na alipe huku, huko akipanga foleni tangu alfajiri na huku akiitwa kwa jina lake baada ya saa moja, hukumu yake haikuwa ngumu kutabirika. Uganda Road, Oloo Street na vichochoro vinavyoziunganisha barabara za katikati ya mji vikajaa vibao: daktari wa watoto, daktari wa macho, daktari wa wanawake, maabara, meno.

Vibao vilikuwa chini, lakini daktari alikuwa juu. Jambo hili lina sababu ya hesabu, si ya ukatili. Katika jengo la mjini chumba cha chini, chenye uso wa barabara, hukodishwa kwa bei ghali kwa mwenye duka, kwa sababu duka huishi kwa mpita njia. Daktari hahitaji mpita njia, maana mgonjwa humtafuta, basi huchukua ghorofa ya kwanza au ya pili ambako kodi ni nafuu. Hata kabla ya kuifikia ngazi hiyo ipo baraza ya mbele ya duka, ambayo wafanyabiashara wa zamani waliiinua juu ya usawa wa barabara kwa kuogopa matope ya masika ya nyanda hizi, nayo ina vidato viwili au vitatu bila ya kishikio. Nimesimama chini ya ngazi moja ya namna hiyo nikamtazama mama aliyempandisha mwanawe wa miaka kumi na ushei, mwenye mtindio wa ubongo, akiwa amemfunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, miguu ya mtoto ikigota ukutani kila kona. Alipofika nusu aliegemea ukuta akapumua, mtu mmoja akashuka akampisha, mwingine akampokea mkoba wake, naye akaendelea. Hakuna aliyeona ajabu. Ndilo linalonisikitisha, kwamba kati ya watu wema wale, na wote walikuwa wema, hakuna aliyeona ajabu.

Ndani ya chumba cha daktari taabu huwa ndogo kwa umbo lakini si ndogo kwa madhara. Kitanda cha kupimia ni kirefu, huinuka hadi kiunoni mwa mtu mzima, na kando yake huwekwa kijingazi cha chuma cha vidato viwili. Mwenye magongo hawezi kukipanda, basi hupimwa akiwa amekaa, na tumbo lililopaswa kubonyezwa halibonyezwi. Mizani ni ya kusimama. Mtu asiyesimama hapimwi uzito, na daktari hukadiria kwa jicho; wala hili si jambo la kupuuzwa, kwa sababu kipimo cha dawa nyingi, hasa za watoto na za kifafa, hufuata uzito wa mwili, na mtu aliyenyimwa mizani amenyimwa pia usahihi wa dawa. Mama mjamzito mwenye kupooza miguu, ambaye uzito wake wapaswa kuandikwa kila aendapo kliniki, ana kadi yenye nafasi tupu mahali pale ambapo wenzake wana tarakimu. Dawa yenyewe ni nyepesi na yajulikana: mpokezi husimama juu ya mizani na mtoto mikononi, wakapimwa wote wawili, kisha akapimwa mpokezi peke yake, na kwa mtu mzima iko mizani bapa ipandwayo na kiti cha magurudumu. Ile ya kwanza haigharimu kitu ila dakika tatu.

Kipofu naye ana yake. Katika zahanati zetu mgonjwa hununua daftari la shule, daktari akaandika humo habari zake, naye akarudi nalo kila mara. Basi kipofu hubeba siri za mwili wake katika daftari ambalo mtu yeyote njiani aweza kulisoma isipokuwa yeye. Vidonge hutiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa moja mara tatu, au mbili mara mbili, na bahasha tatu zikiwa mkononi zafanana kama pacha. Wapo wauza dawa wenye busara wakunjao pembe moja ya bahasha ya kwanza na pembe mbili za bahasha ya pili, wakamwekea mgonjwa kidole juu yake, wakamwambia taratibu hadi akariri. Hawakufundishwa hivyo na mtu, walifikiri tu.

Lakini aliyefungiwa mlango zaidi ya wote, kwa maoni yangu, ni kiziwi, kwa sababu yeye hupanda ngazi vizuri, hukaa vizuri katika benchi, na hakuna amwonaye kuwa amezuiwa. Jina lake huitwa kwa sauti, halisikii, anafuatia mwingine; anakaa hadi adhuhuri. Shule za viziwi zilifunguliwa Nyang'oma na Mumias mwaka 1961, katika upande huu wa magharibi ya Kenya, na wanafunzi wake wa kwanza, ambao kwa miaka mingi walilazimishwa kusoma midomo ya wasemaji badala ya kutumia mikono yao, sasa ni wazee wenye shinikizo la damu na kisukari. Wamekwenda kwa madaktari muda wa miaka 60 na hawajapata kuzungumza na daktari hata mmoja bila ya mtu wa kati. Mtu huyo wa kati aghalabu ni ndugu. Sasa fikiri msichana aliyekuja kwa ugonjwa wa siri, na mkalimani wake ni mama yake. Au mwanamume aliyekuja kupimwa virusi vya UKIMWI, na atakayemwambia majibu ni kaka yake mdogo. Maneno ya tabibu yanafika, lakini stara imepotea, na asiyekuwa na stara haulizi swali lililomleta. Jambo hili lilitambuliwa Nairobi mwaka 2003, ambako shirika la Liverpool VCT lilifungua kituo cha ushauri na upimaji kilichoendeshwa na washauri ambao wenyewe ni viziwi, kisha vikafuata vingine Kisumu na Mombasa. Kiziwi akapokewa na kiziwi, mlango ukafungwa nyuma yao, wakazungumza. Miaka ya korona, barakoa zilipoufunika kila mdomo, wale wachache waliokuwa wakiambulia neno kwa kusoma midomo walinyang'anywa hata hilo.

Mtoto mwenye usonji naye, ambaye kwake kelele, taa kali na mikono ya watu wageni ni mateso ya kweli, hupelekwa katika chumba cha kungojea chenye runinga iliyopazwa sauti na watoto 20 wanaolia, akashindwa kuvumilia, akajitupa sakafuni. Na watu humtazama mama yake kwa jicho la lawama. Muuguzi mmoja akimpa nafasi ya kwanza ya asubuhi, kabla ya chumba kujaa, amekwisha tibu nusu ya safari. Sina la kuongeza hapo.

Sasa niirudie tarikhi, maana katika mji huu huu lilizuka wazo lililoigeuza ile taabu ya njia na kuirejesha, kwa kiasi fulani, mahali ilipokuwa zamani. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa mwaka 1984, kilianzisha kitivo cha sayansi za afya chini ya Profesa Haroun Mengech, na wanafunzi wa kwanza wa udaktari wakaingia mwaka 1990. Walimu wake hawakutaka daktari anayeijua wodi tu. Waliuweka ndani ya masomo mpango wa kuwapeleka wanafunzi katika vituo vya afya vya mashambani, wakakae huko, waende nyumba kwa nyumba, wajue ni nani mgonjwa asiyeonekana hospitalini na kwa sababu gani haonekani. Mwanafunzi aliyekuta katika boma moja mtu mzima aliyefichwa chumba cha nyuma kwa sababu ya kifafa, hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kwamba foleni ya hospitali si picha kamili ya maradhi ya nchi. Hospitali ya wilaya ilipandishwa kuwa hospitali ya rufaa na mafunzo mwezi wa Juni 1998. Na mwaka 2001, UKIMWI ukiwa unawaua vijana wodini kila siku, ushirikiano wa chuo hicho na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ambao ndani yake Dakta Joe Mamlin alijulikana kwa kila mtu wa mji, ulizaa mpango wa AMPATH. Katika kituo cha Mosoriot, upande wa Nandi, mwaka huo huo kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuandikwa katika kompyuta. Na mwaka 2007 washauri wake walianza, kwanza katika tarafa ya Kosirai, kubisha hodi nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vya kupimia ndani ya mikoba yao.

Ni vigumu kueleza ukubwa wa jambo hilo kwa asiyepata kulemewa na njia. Mpango ule haukufanywa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ulifanywa kwa ajili ya virusi. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka 90 tangu hospitali ya vitanda 60, mwenye mafunzo ya tiba ndiye aliyetembea na mgonjwa ndiye aliyekaribisha, na bibi asiyeondoka kitandani, ambaye hakuna aliyefikiri kumbeba hadi mjini ili apimwe, alipimwa akiwa nyumbani kwake. Miaka iliyofuata wahudumu wa afya wa jamii walizidi kuchukua katika mikoba yao vipimo vya shinikizo la damu na vya sukari. Nadhani ndiyo sehemu bora ya tarikhi ya tiba ya Eldoret, na ninasikitika kwamba madaktari wa kliniki za mjini, wengi wao wakiwa wamesomeshwa katika kitivo kile kile, waliiacha desturi hiyo mashambani walipopanda ghorofani.

Sheria ilikuja kwa mwendo wake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003 ikaanza kutumika mwaka 2004, ikawapa watu hao haki ya mazingira yasiyo na vizuizi na kumtaka mwenye jengo la umma alirekebishe katika muda wa miaka 5. Lakini vifungu vyenyewe vya majengo vilicheleweshwa hadi Januari 2010. Liko ndani yake jambo ambalo kila daktari angepaswa kulijua. Kifungu cha 24 kililipa baraza la taifa la watu wenye ulemavu uwezo wa kumwamuru mwenye mahali pasipofikika apatengeneze, kisha kikatoa kinga: amri hiyo isitolewe kwa hospitali wala kliniki ya serikali, wala iliyosajiliwa chini ya sheria ya afya ya umma, ila kwa ridhaa ya katibu wa wizara ya afya. Mahali ambapo mgonjwa mwenye kilema ana haja napo zaidi kuliko benki na sinema, ndipo palipowekewa ngao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ilifanya kinyume, kwa kuitaja wazi ofisi ya mtoa tiba miongoni mwa mahali pasipoweza kumfungia mlango mtu mwenye ulemavu, hata ikiwa ni mali ya mtu binafsi. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilisema kwa sauti kubwa zaidi: katika ibara ya 54 iliahidi heshima, kufika kila mahali kwa kadiri inayowezekana, na matumizi ya lugha ya ishara na Breli, ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mbunge kiziwi akaweza kusikilizwa Nairobi kabla ya mgonjwa kiziwi kusikilizwa Eldoret.

Hesabu za serikali nazo zimeyumba. Uchunguzi wa taifa uliotangazwa mwaka 2008 uliwapata watu wenye ulemavu kuwa asilimia 4.6 ya Wakenya. Sensa ya mwaka 2009 ikasema asilimia 3.5, na ile ya mwaka 2019, iliyowahesabu wenye umri wa miaka 5 na zaidi na kuuliza maswali kwa namna nyingine, ikasema asilimia 2.2, yaani watu 916,692, ambao kundi lao kubwa ni wenye taabu ya kutembea. Watu hawakupungua nusu katika miaka 11. Lililobadilika ni swali. Daktari akisema kwamba wagonjwa wa namna hiyo ni wachache katika kliniki yake, nami namsadiki, kwa sababu ngazi zake zimekwisha wahesabu kwa niaba yake.

Yako mambo mapya ambayo yanatia moyo. Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwezi wa Agosti 2015 ndani ya eneo la hospitali ya rufaa, ilijengwa huku mtoto akifikiriwa tangu mwanzo. Majengo mapya ya mjini yana lifti, ingawa lifti hutegemea umeme na umeme hutegemea mvua na bahati. Agosti 15, 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, na jiji hupaswa kuwa na ramani. Na sheria mpya ya mwaka 2025 imeiondoa ile ya 2003. Lakini tumezoea katika nchi hii kungoja jengo jipya ndipo tutende haki, na majengo ya Oloo Street hayatabomolewa kesho. Daktari wa ghorofa ya pili aweza kukubaliana na mwenye duka la dawa wa chini ampe chumba saa mbili kwa juma, akashuka yeye. Aweza kuandika namba ya simu katika kibao chake, ili kiziwi atume ujumbe na mwenye kiti cha magurudumu aulize kabla ya kulipa nauli ya watu wawili na ya kiti. Aweza kumlipa mkalimani wa lugha ya ishara kwa siku moja ya mwezi, ikatangazwa, viziwi wakaja siku hiyo. Wapo mjini wanaofanya mojawapo ya hayo, kimya kimya.

Kila kliniki ya daktari katika Kenya huendeshwa kwa leseni ya baraza la madaktari, nayo huhuishwa kila mwaka, na ya maafisa wa kliniki iko chini ya baraza lao. Mkaguzi ajapo hutazama vyeti vya ukutani, maji ya kunawia, jokofu la chanjo na namna ya kutupa sindano zilizotumika, na hayo yote ni ya lazima. Fomu yake ina nafasi ya kutosha kumwuliza mwenye kliniki vipi humpima uzito mtu asiyesimama, na ni nani aliyezungumza na mgonjwa wake wa mwisho aliyekuwa kiziwi.